Vifungo Sita Juu ya Bawa

Nikimkumbuka fundi wa saa, kitu cha kwanza kinachonijia ni kidole chake. Ndege ndogo ikipita juu ya mtaa wetu wa Mashimoni ikienda kutua uwanja wa Wilson, aliinua kidole kimoja cha mkono wa kushoto, na mteja yeyote aliyekuwa akiongea alipaswa kunyamaza. Hakukimbilia kuangalia juu. Alisikiliza kwanza, halafu akatoa kichwa nje ya kibanda, akaifuata kwa macho mpaka ipotee nyuma ya paa la kanisa, kisha akarudi kitini. "Hiyo imebadilishwa tairi ya mbele," alikuwa akisema. Au: "Huyu bado anamwaga oili, na nilisema tangu wiki jana." Kidole kikashuka, na mteja akaendelea na hadithi yake ya betri.

Mimi ni fundi wa nguo. Kwa miaka kumi na moja cherehani yangu ilitazamana na kibanda chake, katikati yetu pakiwa na njia ya miguu na mtaro. Mambo ya kuzaliwa kwake na ukoo wake siyajui. Ploti yetu ilijaa watu wa magharibi na watu wa ziwa, na ikifika Desemba kila mtu alikuwa na kwao pa kwenda na mifuko yake. Yeye hakwenda popote. Sisi sote tulimwita Fundi, naye aliniita Mama Faith, kwa jina la binti yangu, na hatukuwahi kuhitaji majina mengine.

Saa zenyewe zilikuwa zimepungua. Watu wanaangalia saa kwenye simu siku hizi, kwa hiyo alibaki na mikanda, betri, na saa za ukutani zilizokata kauli. Lakini aliyepita pale hakuangalia saa. Aliangalia juu, kwenye dari ya kibanda, ambako ndege za plastiki zaidi ya ishirini zilining'inia kwa uzi. Uzi ulikuwa wangu, namba arobaini, mweusi. Sikumbuki kama aliwahi kuuomba, nakumbuka tu kwamba ulikuwa ukipungua.

Hazikuwa za kuchezea, na aliyeziita hivyo alijibiwa kwa kutojibiwa. Zilitoka soko la Toi, kwenye marobota ya mitumba. Kati ya madubu ya manyoya na magari yasiyo na magurudumu, mara moja moja hutokea mfuko wa nailoni wenye vijiti vya plastiki vilivyoshikilia vipande vidogo vidogo: bawa, tairi, kiti cha rubani kisichozidi ukucha. Ni ndege ambayo mtu fulani ng'ambo alinunua ili aiunganishe nyumbani, akachoka. Muuzaji mmoja alikuwa akimwekea hiyo mifuko kwa sababu hakukuwa na mwendawazimu mwingine wa kuitaka.

Hakuna hata moja iliyokuja kamili. Ikiwa na mabawa, haina mkia. Ikiwa na mkia, karatasi ya maelezo imepotea. Alichokosa alikitengeneza. Alikata vijiko vya maziwa mgando, vifuniko vya kalamu, meno ya kitana. Alishika kijiti cha plastiki juu ya mshumaa mpaka kikalegea, akakivuta pole pole pande mbili kikawa uzi mwembamba kuliko unywele, na huo ukawa waya wa redio juu ya ndege. Kazi hiyo niliiona mara nyingi na kila mara niliacha cherehani.

Makosa yake hakuyatupa. Ndege ya kwanza kabisa aliipaka rangi ya kucha kutoka saluni ya jirani. Ile rangi ikaila plastiki, bawa moja likajikunja kama sikio la mbwa. Akaitundika hivyo hivyo, mbele kabisa. Nyingine ilifungwa madirisha kwa super glue, na moshi wa gundi ukaacha vioo vyeupe, huoni ndani. Nilipomcheka alisema, "Hiyo ni asubuhi ya ukungu ya Julai, Mama Faith. Rubani haoni kitu. Anangoja."

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kila ndege aliianza tumboni. Wiki tatu, wiki nne, anashughulika na tumbo tu. Alichoma vitundu vya misumari kwa sindano ya cherehani iliyovunjika, mstari baada ya mstari, lenzi ikiwa imebanwa jichoni. Alisugua kiwi nyeusi ya viatu kwa kijiti cha kiberiti chenye pamba, ikatoka alama ya oili iliyopeperushwa na upepo, nyembamba mbele na pana nyuma. Matairi aliyachafua kwa vumbi la Mashimoni lenyewe. Ungesimama chini yake ungeapa kwamba ile ndege imetoka kupita sasa hivi.

Juu hakuweka kitu. Mgongo wa ndege, juu ya mabawa, pote alipaacha plastiki tupu, kijivu au kijani kama ilivyotoka kiwandani.

Mimi nilidhani ni uvivu, na nikamwambia. "Fundi, hii ni kama kushona suti halafu uache mgongo wazi."

"Wewe umeona huo mgongo?"

"Mimi nitaonea wapi?"

"Hata mimi sijaona. Sasa unataka niweke nini?"

Nikamwambia basi aangalie picha, maboksi mengine huja na picha. Akasema, "Hiyo imechorwa na mtu anauza boksi." Nikamwambia simu ziko, picha ziko huko tele. Akasema simu ni boksi pia. Alikuwa ameishi chini ya njia ya ndege zaidi ya nusu ya maisha yake na alichokijua ni tumbo. Hicho ndicho alichokuwa tayari kukiapia.

Alikuwa hivyo hata kwenye saa. Mteja akija na maelezo, sijui imeingia maji, sijui mtoto ameiangusha, yeye alikuwa na jibu moja: "Tutaona." Hakusadiki maneno mpaka afungue kifuniko. Kanisa letu lilimwita mwaka mmoja atengeneze saa ya ukutani. Mchungaji akamwomba aiweke dakika kumi mbele ili waumini wasichelewe. Akakataa. Mchungaji akamweleza kwamba ni kwa ajili ya kazi ya Mungu. Fundi akashuka kwenye kiti alichokuwa amepanda, akaacha saa ikisema kweli, na kuanzia hapo ibada ikawa inaanza bila watu.

Msidhani alikuwa malaika. Huyo huyo asiyeweza kusogeza mshale wa saa aliweza kumwambia mteja "kesho" miezi sita mfululizo, bila jasho. Saa yangu mwenyewe ya ukutani ilikaa kwake miezi saba, na mimi naishi hatua nne kutoka pale. Nilimuuliza hiyo kesho yake ameiona wapi. Akasema kesho haionekani, ndiyo maana anaweza kuisema. Alikuwa pia mchoyo wa sifa, na akinywa chai ya mtu hakusema asante. Na pamoja na kupenda ndege kote kule, kupanda hakutaka. "Mtu akiwa ndani anaona nini?" aliuliza. "Anaona kiti."

Sifa aliyonipa ilikuwa moja tu. Siku moja alichukua kola ya shati niliyokuwa nimemaliza, akaiweka chini ya lenzi, akakaa nayo. Aliporudisha alisema, "Wewe unaona uzi." Nilijidai kwa hiyo sentensi wiki nzima. Ndiyo pia iliyoniponza, kwa sababu baadaye, nilipopata kazi ya nyumbani Uarabuni, alikuwa amekwisha kuamua kwamba macho yangu yanaaminika.

Siku ya kuaga majirani walileta maombi na chapati. Fundi alivuka mtaro, akasimama mlangoni, hakuniombea safari njema. "Ukae dirisha," alisema, "karibu na bawa. Uangalie juu yake, polepole, vile unaangalia nguo. Usiniletee zawadi."

Alikuwa ameshika ndege kubwa ya abiria, nzuri kuliko zote alizowahi kupata, haikukosa ila tairi moja. Tumbo lilikuwa limekwisha. Juu palikuwa pananingoja mimi.

Nilipewa dirisha. Nilikaa kando ya bawa kabisa, ungedhani Fundi ndiye aliyekata tiketi. Lakini asubuhi ile Faith, aliyekuwa na miaka minne, alikuwa ameshika mshipi wa mkoba wangu, na mama yangu alilazimika kumfungua kidole kimoja kimoja. Nilipoketi nilivuta kile kifuniko cha dirisha mpaka chini, nikajifunika leso kichwani, nikalia. Wakaleta chakula nikala, halafu nikalia tena. Bawa lilikuwa pale kwa saa tano na ushei, urefu wa mkono mmoja kutoka kwangu, na sikuliona.

Baada ya miaka miwili nilirudi, na nilikaa dirishani tena. Safari hii nilifungua, lakini macho yote yalikuwa chini, natafuta Nairobi, natafuta mabati yenye kutu ninayoyajua. Nilikuwa na haraka ya kumwona mtoto. Bawa si kwamba nilikataa kuliangalia. Nilikuwa nimelisahau.

Nilikumbuka nilipoingia njia yetu na kumwona ameinuka. Hakuna siku aliinuka kwa ajili ya mtu. Ile ndege ilikuwa mezani, imefunikwa kwa kitambaa kisafi, na kalamu ya risasi imechongwa.

"Umerudi," alisema. "Kuna nini huko juu?"

Ningesema ukweli. Maneno yenyewe ni mafupi: sikuangalia. Lakini miaka miwili alikuwa amefuta vumbi kwenye lile bawa tupu, na mimi nilikuwa nimechoka, na niliona haya. Nikafungua mdomo nikaanza kushona.

Nikamwambia kuna mistari, kama mishono, mmoja mpana karibu na ukingo na mwingine mwembamba katikati. Akaandika. "Na nini tena?" Nikasema kuna kiraka, karibu na mwili wa ndege, rangi yake imeachana kidogo na rangi ya pale. Akaandika. "Na nini tena?" Nilikuwa nimeishiwa. Jicho langu likavuka mtaro likatua kwenye mkebe wangu wa vifungo. Nikasema, "Kuna kama vifungo. Sita. Vimepangwa mstari mmoja."

"Vya duara?"

"Vya duara."

"Vina matundu?"

"Hapana, Fundi. Havina matundu." Hata katika uongo nilijaribu kuwa na kiasi.

Vile vifungo alivitoa kwenye kijiti cha plastiki, akavikata kwa wembe vipande vyembamba, akavilainisha kwa msasa kimoja kimoja, akavibandika kwa ncha ya sindano. Ilimchukua siku tisa. Nilishona nikiwa nimempa mgongo. Alipomaliza hakuitundika ile ndege. Aliiweka mezani, mgongo juu, pale watu wanapoegemea wakingoja. Ilikuwa mara ya kwanza Mashimoni kuona mgongo wa ndege.

Siku chache baadaye alikuja kijana anayepakia mizigo uwanja mkubwa wa ndege, ameleta saa ya babake. Akainama, akaangalia, akaanza kucheka.

"Budaa, hizi ni nini? Mavifungo? Kwani ndege imevaa shati?"

"Wewe umesimama juu ya bawa?" Fundi aliuliza.

"Zii, mimi niko huku chini na mabegi. Lakini picha ziko, mzee. Cheki." Akatoa simu.

"Sitaki picha. Huyu mama amekaa hapo kando yake, dirisha, akaona na macho yake. Muulize."

Wote wakageuka. Kijana, wateja wawili, mama wa saluni, na Fundi, ambaye hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Mguu wangu ulikuwa juu ya kanyagio. Bado nilikuwa na nafasi.

"Niliona," nilisema.

Fundi alichukua saa ya yule kijana, ambayo hata hakuwa ameifungua, akamrudishia. "Tafuta fundi mwingine." Kijana akaondoka akiwa bado anacheka, na kile kicheko hakikuishia kwenye kona. Mwezi haukuisha, jina lake likabadilika. Hakuwa tena fundi wa saa. Akawa Fundi Vifungo, kuanzia kwetu mpaka mtaa wa Sarang'ombe. Vijana walipita wakimuuliza kama ana ndege yenye zipu. Wateja wake wa zamani walimletea saa huku wakitabasamu, na mtu aliyesifika kwa kutosema asichokiona akawa ndiye anayetajwa mtu akitaka kusema porojo. Aliifuta ile ndege kila asubuhi na kuigeuza vizuri ili vifungo vionekane.

Nilimkosea, na nilijua hivyo kila siku niliyoweka uzi kwenye sindano. Sikumwambia. Nilianza kumpelekea chai bila kuombwa, na yeye, kama kawaida yake, hakusema asante, na nilishukuru kwamba hakusema.

Nilipopata mkataba wa pili nilikwenda. Safari hii Faith alikuwa mkubwa, alinipungia mkono tu. Nilimbembeleza mtu tukabadilishana viti, nikapata dirisha la nyuma kidogo ya bawa, na sikufumba macho. Niliangalia vile ninavyoangalia nguo ya mteja msumbufu. Mistari ilikuwepo. Pembeni ya mistari kulikuwa na nukta nyingi, ndogo sana, kama mshono wa mkono wa mtu hodari. Kulikuwa na mishale na maandishi madogo. Karibu na mwili wa ndege, na hapa nilishika mdomo, kulikuwa na kiraka, cheupe zaidi ya pale kilipobandikwa. Vifungo havikuwepo. Nilivitafuta macho yakauma, nikitumaini hata kimoja.

Niliporudi, ploti yetu ilikuwa imebomolewa, mwenye ploti anajenga ghorofa. Kanisa lilikuwa limesalia, na saa yake ilikuwa mbele dakika kumi. Mama wa saluni aliniambia Fundi amehamia Kawangware, upande wa Gatina, anauza mikanda tu.

Nilimkuta mchana, kwenye kibanda kisichozidi upana wa kabati. Hakuna ndege iliyoning'inia. Zilikuwa kwenye katoni chini ya meza, zimefungwa magazeti, isipokuwa moja. Ile kubwa ilikuwa mezani, mgongo juu.

"Mama Faith."

"Fundi. Habari ya siku nyingi?"

"Niko." Aliweka mikono mapajani, lakini niliiona. Ilikuwa ikitetemeka, yote miwili, na haikuacha. Alifuata macho yangu. "Macho ni mazima," alisema. "Hii ndiyo imeamua kustaafu."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakanitoka. "Fundi, hakuna vifungo. Sikuangalia. Ile siku nililia njia yote, na kurudi nikasahau. Nilikudanganya, na ulipoitwa muongo nikakaa kimya. Sasa nimeangalia."

Alivuta ndege karibu, akaitazama kama saa iliyoletwa na mtu mwenye maelezo mengi.

"Hivyo vifungo vilinisumbua," alisema mwishowe. "Nilikuwa najiuliza, vinafunga nini?"

"Nisamehe, Fundi."

"Mistari iko?"

"Iko. Na kando yake kuna nukta, kama mshono wa mkono."

"Kiraka?"

"Kiraka kiko. Nakuapia."

"Usiape. Umeona?"

"Nimeona."

Alifungua droo, akatoa wembe uliofungwa kwa karatasi, akausukuma upande wangu. "Toa."

Nilitaka kusema mimi si fundi wa ndege. Nikaangalia mikono yake, nikaushika wembe. Niliilaza ndege kwenye kitambaa, nikaingiza ncha ya wembe chini ya kifungo cha kwanza, vile tunavyofumua mshono bila kuumiza kitambaa. Kikatoka na sauti ndogo. Vitano vilitoka vizuri. Cha sita kilikuwa na gundi nyingi, kikang'oka na plastiki ya bawa, kikaacha shimo dogo lenye kingo nyeupe.

Fundi alichukua lenzi. Mara mbili ilimponyoka, sikumsaidia, na mara ya tatu ikakaa jichoni. Akainama juu ya bawa, akakaa pale muda mrefu, akipita alama moja baada ya nyingine mpaka ya sita.

"Nipe rangi nizibe," nilisema. "Haitaonekana."

"Wacha hivyo," alisema. "Hiyo nimeona na macho yangu."